Malipo ya Kutafuta

Mtu akileta kompyuta kwa fundi, iwe Kitui mjini au Wote, swali lake la kwanza ni itagharimu pesa ngapi. La pili ni itakuwa tayari lini. Lile ambalo lingetangulia yote, yaani mashine ina nini hasa, halisikiki, kwa kuwa mteja anadhani fundi ameshajua kwa kuitupia jicho tu, na fundi naye anaona haya kusema kwamba bado hajui. Miaka ya kukaa kwenye benchi la kompyuta huku Ukambani imenifunza mengi, lakini moja limenikaa kuliko mengine: kazi kubwa ya ufundi huu ni kutafuta, na kutafuta ndiko kusikolipiwa. Kubadilisha kifaa ni dakika chache za bisibisi. Kujua ni kifaa gani kilichokufa, au kama kuna kilichokufa hata kimoja, ndiko kunakotaka akili na subira. Kwa maoni yangu fundi anapaswa kulipwa kwa kutafuta hata kama mwishowe hatauza kipuri chochote, na atakayefaidi mpango huo kwanza si fundi bali mwenye kompyuta.

Hoja hii ina uzito zaidi Kitui na Makueni kuliko Nairobi, na sababu yake ni barabara. Fundi wa Luthuli Avenue amezungukwa na maduka ya vipuri. Akiishuku RAM, anavuka barabara, anaazima nyingine kwa jirani, anaichomeka; mashine isipowaka, anairudisha na kuazima pawasaplai. Hahitaji kufikiri sana, maana rafu za majirani zinafikiri kwa niaba yake, na kosa lake linamgharimu hatua ishirini za mguu. Kitui iko takriban kilomita 170 kutoka hapo. Mutomo, Zombe na Kyuso ziko mbali zaidi, na hata Wote au Kibwezi si mahali pa kwenda Nairobi na kurudi kabla ya chai ya saa nne. Kipuri kinaagizwa kwa simu, kinalipiwa kwa M-Pesa, kinatiwa kwenye matatu kama mzigo, kinafika jioni au kesho yake. Kikiwa sicho, kukirudisha ni nauli nyingine, pamoja na ubishi na muuzaji anayeapa kwamba kilitoka kwake kikiwa kizima. Huku kwetu kila dhana potofu ina nauli yake. Fundi wa Kitui anayefanya kazi kwa mtindo wa Luthuli anamlipisha mteja gharama ya kubahatisha, ila hamwambii kwamba ndiyo anayolipa.

Kuna na jambo la pili. Hitilafu nyingi zinazofika kwenye benchi zetu hazikuzaliwa ndani ya kompyuta, zimetoka nje. Nchi yetu ni kavu. Mvua ya kutegemewa ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba, na kabla yake kuna miezi ya upepo na vumbi jekundu linalopenya hata duka lililofungwa. Feni ya kompyuta haichagui hewa. Inavuta iliyopo, na vumbi linajazana katikati ya mapezi ya alumini yanayopoza prosesa mpaka yanaziba kabisa. Prosesa ikizidiwa na joto haiungui papo hapo: imeundwa ijipunguzie kasi yenyewe, na joto likipita kiwango inaizima mashine ili isiharibike. Mwenyewe anachokiona ni kompyuta nyepesi asubuhi na nzito mchana, au inayojizima kila ikifika saa nane jua likiwa limewaka juu ya bati. Anasema ina virusi. Fundi mwenye haraka anakubali, kwa sababu kuondoa virusi kuna bei inayojulikana. Brashi, hewa ya kupuliza, na pesti mpya kati ya prosesa na chuma chake cha kupoza zingemaliza kazi. Ushahidi ulikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeuliza: inasumbua saa ngapi? Hitilafu inayofuata jua si rahisi iwe ya programu.

Stima nayo ina vituko vyake. Mradi wa Last Mile uliozinduliwa mwaka 2015 ulisogeza nyaya hadi maboma na maduka ambayo hayakuwa yameota kuzipata, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini duka lililo mwisho wa laini ndefu hupokea volti zinazoshuka jioni watu wote wanapowasha, na stima ikikatika kisha ikarudi kwa kishindo, mara nyingi kurudi huko ndiko kunakoua pawasaplai. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Mitambo mingine ikalemewa, megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. KenGen, kampuni inayozalisha umeme, ilieleza chanzo siku ileile, na tumbili mwenyewe alitoka salama akachukuliwa na watu wa shirika la wanyamapori, KWS. Wakenya walicheka sana. Mimi kilichonivutia ni kwamba hitilafu ya nchi nzima ilifuatiliwa hadi kwenye chanzo chake. Ikiwa gridi ya taifa inaweza kufuatiliwa hadi kwa tumbili mmoja, kompyuta ya mwenye duka la Kwa Vonza inaweza kufuatiliwa hadi kwenye ekstensheni yake.

Mfano ambao ningependa kila mwenye kompyuta aujue ni wa shoti. Malalamiko ni yaleyale: ukigusa kasha la chuma, linakuchoma vidoleni, hasa ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji. Mteja anaogopa, anadhani ndani kuna waya uliochunika, na wapo watakaomuuzia pawasaplai mpya, ambayo nayo itamchoma vilevile. Ndani ya pawasaplai karibu zote kuna kapasita ndogo zinazounganisha nyaya za stima na kasha ili kuchuja kelele za umeme. Zimewekwa hapo kwa makusudi, kwa kutegemea kwamba kasha limeungwa na ardhi kupitia pini ya tatu ya plagi. Pini hiyo isipofika ardhini, kasha linaning'inia kwenye nusu ya volti za laini, yaani karibu 120 kwa stima yetu ya 240. Mkondo wake ni mdogo, ila unausikia. Sasa tazama ekstensheni yenyewe. Plagi ya pini mbili imesukumwa kwa nguvu kwenye soketi ya matundu matatu, na kifuniko cha kalamu kimechomekwa kwenye tundu la juu ili matundu ya chini yafunguke. Hapo ardhi imekatwa. Hata pale waya wa ardhi upo, fimbo yake imepigwa kwenye mchanga mkavu, na udongo mkavu hupitisha umeme vibaya mno. Fimbo ileile inayofaa Aprili inaweza kuwa haina kazi Septemba. Tiba ni fimbo ndefu zaidi au zaidi ya moja, mahali palipo na unyevu, na plagi ya pini tatu. Hii ni kazi ya fundi wa stima. Fundi wa kompyuta aliyeitambua hana cha kuuza hapo, na kwa mpango wetu wa sasa ataondoka bila senti ingawa ndiye aliyesema kweli.

Saa nayo inatoa ushahidi mwingine. Kwenye bodi kuu ya kompyuta ya mezani kuna betri ya mviringo, CR2032, yenye volti 3 na kipenyo cha milimita 20. Inalinda saa na mipangilio wakati mashine haina stima. Ikiisha, kila stima inapokatika kompyuta inaamka ikiamini kwamba ni ule mwaka iliotengenezwa au wa karibu na hapo. Tovuti za siku hizi, iwe iTax, eCitizen au HELB, hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha; tangu Septemba 2020 vivinjari vikubwa vilianza kukataa vyeti vipya vinavyozidi siku 398. Kompyuta inayodhani ni 2012 inakiona cheti cha leo kuwa hakijaanza kutumika, kwa hiyo inakataa kufungua na kutoa onyo kwamba mahali hapa si salama. Ni wiki ya mwisho ya Juni, foleni ya saiba imefika barabarani, kila mtu anataka kuwasilisha ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Mmoja atashauri rauta ibadilishwe. Mwingine atafomati. Na jibu limekaa muda wote pembeni mwa skrini, chini kulia, limeandikwa kwa tarakimu. Betri yenyewe ni ya shilingi chache mno, kiasi kwamba hakuna fundi anayeweza kuishi kwa kuibadilisha. Ndiyo maana ni wachache wanaoanza nayo.

Kompyuta isiyowaka kabisa ndiyo inayofundisha vizuri mpangilio wa kutafuta. Kanuni ninayoishika ni kuanza na jaribio lisilogharimu kitu na linaloweza kutenguliwa, na kuliweka nyuma lile la gharama na lisilotenguka. Soketi kwanza: chomeka taa au chaja ya simu. Kisha ekstensheni, kisha kebo, ambayo unaweza kuibadilishana na ile ya skrini. Nyuma ya pawasaplai nyingi za zamani kuna kiswichi chekundu chenye 115 na 230. Mtoto au mfagiaji akikisogeza kwenye 115, mashine ikiwashwa kwa stima ya huku pawasaplai inalipuka, kwa hiyo kinatazamwa kabla ya kuwasha. Baada ya hayo ndipo kasha linafunguliwa. Pawasaplai ya kawaida inapimwa ikiwa nje: waya wa kijani unaunganishwa na mweusi, feni inazunguka, na multimita inapaswa kusoma volti 12 kwenye waya wa njano, 5 kwenye mwekundu, 3.3 kwenye wa rangi ya chungwa. Kinachoruhusiwa kupungua au kuzidi ni asilimia 5, kwa hiyo njano ikiwa kati ya 11.4 na 12.6 hakuna tatizo; ikisoma 10.8 feni itazunguka na taa itawaka, kila mtu ataapa kwamba stima inafika, na mashine haitainuka. (Mashine za ofisi za miaka ya karibuni zina mpangilio mwingine wa nyaya, hivyo lebo isomwe kabla ya kuunganisha chochote.) Pawasaplai ikiwa nzima, bodi inavuliwa kila kitu isipokuwa prosesa na RAM moja. Ikitoa picha, vingine vinarudishwa kimojakimoja, na kile kinachoizima ndicho kinachotafutwa. Neno zito hapo ni kimojakimoja. Fundi aliyebadilisha vitu vitatu kwa mpigo na mashine ikawaka hajui alichotengeneza, na mteja aliyevilipia vitatu huenda amelipia viwili bure.

Hata zile mbinu za mafundi zinazosifiwa sana zinahitaji kuhojiwa kwa namna hiyo. RAM inachomolewa, miguu yake ya dhahabu inasuguliwa kwa raba ya shule, inarudishwa, kompyuta inawaka, na sifa zote zinaenda kwa raba. Mara nyingi kilichotibu ni kule kuchomoa na kuchomeka, kwa sababu vumbi na mtikisiko wa barabara ya murramu vilikuwa vimeilegeza. Jaribu kuichomoa na kuirudisha kwanza bila kusugua. Ikiwaka, umejua zaidi, na dhahabu ile nyembamba imebaki.

Kwa upande mwingine kuna hitilafu zinazotoka ndani kweli, na hapo pia kutafuta kunashinda kubadilisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilisambaa kwenye bodi za kompyuta duniani kote. Zilivimba vichwa, zikavuja, zikaua mashine ambazo hazikuwa na kosa lingine. Kesi iliyofikishwa mahakamani Marekani ilionyesha kwamba kampuni ya Dell pekee ilikuwa imeuza angalau kompyuta milioni 11.8 zenye hatari hiyo, kati ya Mei 2003 na Julai 2005. Mashine za kizazi hicho zilipostaafishwa maofisini Ulaya na Marekani, nyingi zilianza maisha ya pili Afrika. Aliyesema bodi imekufa, nunua nyingine, hakusema uongo kamili. Lakini aliyeitazama bodi kwa tochi akaona vifuniko vya kapasita vimetuna badala ya kuwa bapa, na akawa na chuma cha kuchomelea risasi, aliifufua kwa kapasita mpya zenye volti na ujazo uleule. Tofauti kati ya wawili hao ni kwamba mmoja alitazama.

Najua pingamizi litakalotoka kwa mafundi wenzangu, na sio la kupuuza. Watasema: kufomati kunafanya kazi. Mashine nzito, mashine inayoganda, mashine yenye matangazo ya ajabu, ukiiwekea Windows upya inarudi kijana, mteja anafurahi, na kazi imekwisha kabla ya saa saba. Kwa nini kutumia nusu siku kutafuta kijidudu gani kilichokuwemo? Nakubaliana nao mahali pamoja. Kompyuta ya saiba isiyo na faili za mtu, iliyochafuliwa na flashi za kila mpita njia, haina haja ya uchunguzi; irudishwe kwenye hali yake safi na watu waendelee. Nje ya hapo, kufomati ni jaribio lisilotenguka, na kwa kanuni niliyoitaja linapaswa kuwa la mwisho. Ikiwa diski yenyewe inakufa, inagonga au ripoti yake ya afya inaonyesha sekta zilizohamishwa zikiongezeka, kuiwekea Windows ni kuichosha inapohitaji kupumzishwa, na ile nafasi ya mwisho ya kunakili faili inapotea. Mashine itaonekana imepona kwa wiki mbili. Kisha vitabu vya hesabu vya chama, tasnifu ya mwanafunzi wa chuo kikuu cha SEKU, picha za harusi, vyote vinaenda bila kurudi.

Flashi ni mahali ambapo kosa hili linaumiza zaidi, maana faili kwa kawaida hazijapotea. Kuna kirusi kinachojulikana na kila mwenye saiba: ukifungua flashi unakuta njia za mkato zenye majina ya folda zako, na folda zenyewe hazionekani. Kirusi hakikufuta kitu. Kimezipa folda alama ya kufichwa, na amri moja fupi, attrib, inaziondolea alama hiyo zikarudi kama zilivyokuwa. Mwalimu aliyeleta flashi yenye mitihani ya muhula anatolewa machozi na fundi aliyeifomati ili aondoe virusi. Fundi huyo ameua mgonjwa aliyekuwa amejifunika shuka, akadai ada.

Pingamizi la pili ni la wateja, nalo ni la haki zaidi: nikulipe kwa kutafuta, halafu uniambie hujaona kitu? Na nitajuaje kwamba ulitafuta kweli, hukuiweka chini ya meza mpaka jioni? Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu wapo wanaofanya hivyo. Lakini tazama mpango uliopo unavyofanya kazi. Fundi analipwa tu akiweka kipuri au akifomati. Akigundua kwamba kosa ni ekstensheni, betri ya saa au vumbi, kipato chake kinashuka hadi karibu sifuri. Tumemjengea sababu ya kutoona ukweli, kisha tunamlaumu kwa tabia. Hospitalini watu hulipa kumwona daktari hata akisema ni uchovu tu, wakalale, na hakuna anayedai daktari amkate kiungo ndipo alipwe. Ada ya kutafuta inaweza kuwa ndogo, ijulikane mapema, na ipunguzwe kwenye bili kazi ikiendelea. Kuhusu kujua kama alitafuta, dawa ni karatasi. Fundi aandike alichopima na alichokuta: waya wa njano 12.1, RAM ya kwanza nzima, ya pili inaizima, betri ya saa volti 2.1. Mistari minne inatosha. Asiyetafuta hawezi kuiandika bila kubuni namba, na namba za kubuni zinafichuka mashine ikifika kwa fundi mwingine mwenye multimita.

Wengine watasema juhudi hizi zote ni za bure kwa kuwa kompyuta zenyewe zinapitwa na wakati. Laptopu mpya zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa upande wa Intel zinaanzia kizazi cha nane, cha mwaka 2017. Mashine nyingi za mitumba zinazouzwa kwa jina la ex-UK hazifiki hapo. Basi zitupwe? Hakuna atakayezitupa, tusidanganyane. Mtu wa Nunguni aliyejinyima kununua kompyuta hatanunua nyingine kwa sababu ya tangazo kutoka Marekani. Mashine hizo zitaendelea kufanya kazi kwa miaka, nyingine kwa Linux, nyingine kwa Windows ya zamani pamoja na hatari zake, na jinsi zinavyozeeka ndivyo zitakavyohitaji watu wanaojua kutafuta. Vipuri vyake ndivyo vitakavyoadimika, si vumbi, joto wala stima inayorukaruka. Na hata laptopu mpya kabisa ambayo haifunguki inachomekwa kwenye soketi ileile yenye kifuniko cha kalamu.

Kuna pia wanaodhani tatizo ni elimu: kwamba fundi wa jua kali hana karatasi, na wahitimu wakijaa mambo yatanyooka. Sipingi masomo. Wote Technical inafundisha, vyuo vya ufundi vya kaunti vinafundisha, na mtihani wa ufundi wa NITA unampa mtu aliyejifunzia kazini cheti cha kile anachokijua. Lakini nimewaona wenye vyeti wakibahatisha na wasio navyo wakisikiliza mlio wa diski kwa makini ya mganga wa mifugo. Mwenye cheti anayelipwa kwa kipuri atauza kipuri. Miongozo ya kufungua mashine za ofisi inapatikana bure kwa watengenezaji wengi wakubwa, ikionyesha kila skrubu ilipo, ujuzi haujafichwa. Kilichopungua ni sababu ya kuutumia.

Ada ya kutafuta ingeleta na jambo lingine ambalo halizungumzwi: fundi angelazimika kueleza alichogusa. Kompyuta inayoachwa dukani ina barua, picha, nywila za benki na za eCitizen zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ipo, na inamhusu anayeshika taarifa za watu hata kama ofisi yake ni kibanda cha mabati karibu na stendi. Kupima pawasaplai hakuhitaji nywila. Kubadilisha betri hakuhitaji nywila. Anayeiomba kabla hajachomoa hata kebo anapaswa kueleza ya nini.

Kwa hiyo ombi langu kwako unayesoma, uwe Mwingi, Makindu au kwingine. Safari ijayo kompyuta ikikataa, kabla ya kuibeba andika inasumbua saa ngapi, baada ya kufanya nini, na kama stima ilikatika siku hiyo. Tazama tarehe iliyo pembeni mwa skrini. Ijaribu kwenye soketi nyingine. Ukifika kwa fundi, mwambie utamlipa kwa kutafuta na mkubaliane kiasi kabla hajashika bisibisi. Akisema kuna kipuri kimekufa, omba akuonyeshe jaribio lililomwambia hivyo, na uondoke na kile cha zamani mkononi. Akikuambia hakuna kilichoharibika, kwamba ni plagi tu, mlipe na umshukuru.